Kuziba magego ya mtoto: gundi ipi uilipie kwanza

Msimu wa korosho ukifika huku Mtwara, watoto hutafuna kutwa: mabibo shambani, korosho za kukaanga njiani, kashata shuleni. Mabaki hujibana kwenye mifereji ya gego, mahali unywele wa mswaki haufiki. Kulipia gego la kudumu la kwanza lizibwe mapema, yaani mifereji yake ipakwe gundi kabla halijatoboka, ni fedha iliyotumika vizuri. Gego hilo hutoka mtoto akiwa na miaka 6 hivi, na wazazi wengi hulidhania la utoto kwa kuwa hakuna jino lililong'oka kuliachia nafasi.

Namba moja ni resini, gundi ya aina ya plastiki. Mwaka 1955 Michael Buonocore, daktari wa meno wa Marekani, alionyesha kuwa enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, ikipakwa asidi ya fosfori hushikwa na resini vizuri zaidi. Asidi huacha vitundu visivyoonekana kwa macho, resini huingia humo ikiwa majimaji, kisha humulikwa taa ya buluu ikakaza. Hainati juu juu kama gundi ya kiatu; imeingiza mizizi kama mkoko kwenye tope.

Adui wake ni mate. Gego la binti yangu lilipooshwa asidi na kupulizwa hewa, nililiona jeupe kama chokaa, na hiyo ndiyo dalili njema. Akafunga mdomo, likalowa. Aliyemhudumia hakurudia asidi, akapaka vivyo hivyo. Wiki chache baadaye kipande kilitoka na kashata. Iliniuma sana, maana kosa hilo lilizuilika: mate yakigusa, vile vitundu huzibwa, na jino lazima lioshwe, lipakwe asidi upya na likaushwe. Kwa hiyo kabla ya kulipa uliza nani atashika mpira wa kunyonya mate. Kama mhudumu yuko peke yake na mwanao hatulii, omba siku nyingine.

Namba mbili ni glasi ayonoma, aina ya saruji ya meno. Hii hushikana kikemia na kalisi ya jino, huvumilia unyevu na hutoa floraidi taratibu, ila huwahi kubanduka. Ichague gego likiwa bado limefunikwa nusu na ufizi, au mtoto akiwa msumbufu. Likishatoka lote, rudi kwa resini.

Namba tatu ni gundi zenye asidi ndani yake, zisizohitaji kuoshwa. Ni za haraka, lakini enameli isiyochongwa huzishika kwa udhaifu. Ukiambiwa ndizo za kisasa, uliza kama watatanguliza asidi ya fosfori.

Supaglu ya dukani haina namba hapa. Haikutengenezwa kwa ajili ya kinywa, na huunguza ufizi.

Kubalianeni mapema kama kipande kikitoka watarudishia bure. Kisha mpeleke mtoto akaguliwe kila baada ya miezi 6, daktari apitishe chuma chembamba ukingoni mwa gundi. Kikikwama, paongezwe gundi siku hiyo hiyo.