Uzoefu wangu na kipimo cha damu cha nyumbani cha madini na metali za sumu (risasi ilisoma 11)

Nimeshatumia hiki kipimo mara mbili, mara ya kwanza miezi saba iliyopita na mara ya pili mwezi jana, kwahiyo naona sasa naweza kukiongelea. Kampuni siitaji maana vipimo vya aina hii vinafanana sana, ni vile vya kutoboa kidole, unadondosha damu kwenye kadi, unaacha ikauke unaituma maabara, majibu yanakuja kwenye simu.

Kilichonipeleka huko ni uchovu. Naamka nimechoka kama sikulala, usiku misuli ya miguu inakaza, kucha zinakatika hovyo, nywele zinabaki kwenye kitana. Na kila niliyemwambia alikua na madini yake tayari, huyu kasema magnesiamu, yule zinki, mwingine seleniamu, nikajikuta nameza vidonge vya aina tatu kila asubuhi bila kujua najazia upungufu upi. Nikasema hapana, bora nipime nijue.

Boxi lina vile visindano vya springi vya kutobolea kidole, pamba ya spiriti, plasta, kadi ya karatasi nene yenye viduara, mfuko wenye kipakiti cha kunyonya unyevu na bahasha ya kurudishia. Niliogopa kwamba tone la damu kwenye karatasi ni mchezo tu, ila kumbe hii njia ya damu iliyokaushwa ina umri mkubwa, watoto wachanga wanatobolewa kisigino na kupimwa hivyo tangu miaka ya 1960, aliyeisambaza ni Robert Guthrie wa Marekani. Maabara wanatoboa kipande cha kile kiduara, wanaitoa damu kwenye karatasi, wanaipitisha kwenye mashine inaitwa ICP-MS, inaivunjavunja sampuli kwenye joto la maelfu ya nyuzi halafu inahesabu atomi kwa uzito wake. Ndio maana damu kidogo inatosha. Kwa hiyo mashine sina shida nayo kabisa, shida iko kabla ya mashine, kwenye kidole.

Kutoboa kwenyewe hakuumi sana. Ukiwa na mikono ya baridi damu haitoki, unaanza kukamua kidole na hapo unaharibu, maana ukikamua maji ya kwenye nyama yanachanganyika na damu. Osha na maji ya uvuguvugu, tembea kidogo, ning'iniza mkono chini, toboa pembeni ya ncha ya kidole cha kati au cha pete sio katikati, tone la kwanza lifute, la pili liache lijae lenyewe ligusane na karatasi. Mimi mara ya kwanza nilijaza viduara viwili vizuri, vya mwisho nikapapasapapasa na kidole kujazia na hiyo ni kosa. Kadi niliiacha ikauke masaa manne mbali na jua.

Majibu yalikuja baada ya siku tisa yakiwa na rangi za kijani, njano na nyekundu. Magnesiamu njano, iko chini kidogo. Zinki kijani. Shaba njano, iko juu. Seleniamu iko ukingoni kabisa karibu na juu. Zebaki na kadimiamu kijani, aseniki kijani. Halafu RISASI nyekundu, 11.2 maikrogramu kwa desilita.

Jamani nilikaa kitandani nikaishika simu sijui nifanye nini. Mimi ni fundi, natengeneza redio, vipaza sauti na bodi za umeme, miaka kumi sasa nalehemu kila siku, na waya ninaotumia ni ule wa bati 60 risasi 40. Nilikua najua ina risasi ila niliamini hatari ni ule moshi, nikaweka feni nikaona nimemaliza. Kumbe kwa joto la pasi ya kulehemu risasi haipandi hewani kiasi hicho, ule moshi ni wa dawa iliyo ndani ya waya (nao unachoma kifua lakini ni kitu kingine), risasi inaingia kwa mkono. Unashika waya, unashika kikombe, unajifuta mdomo, unakula kitu juu ya meza ya kazi. Na mimi nina mtoto wa miaka mitatu ambae nikitoka kazini ananirukia na nguo zilezile.

Chini ya majibu kampuni iliweka vidonge vyake vya magnesiamu na kitu cha "kusafisha metali mwilini". Hapo ndipo walinikwaza kweli. Mtu ana hofu, umempa rangi nyekundu, halafu unamuuzia kusafisha. Dawa halisi za kutoa risasi mwilini zipo, zinatolewa hospitali kwa watu wenye viwango vya juu sana chini ya uangalizi, zinaweza kung'oa hata madini unayoyahitaji na zimeshaua watu zilipotumika vibaya. Sio kitu cha kununua kwa kubonyeza.

Nikaenda kwa daktari na simu yangu. Swali la kwanza aliloniuliza, kabla hata hajaangalia namba, ni unafanya kazi gani. Swali la pili, uliosha mikono na nini. Nikamwambia nilifuta na ile pamba ya spiriti kama boxi lilivyosema, nilitoka kwenye meza ya kazi nikafuta nikatoboa. Akanieleza kwamba spiriti inaua vijidudu tu, vumbi la risasi hailiondoi, na vumbi dogo mno likibaki kwenye ngozi linaingia kwenye tone na kupandisha namba, ndio maana risasi ikisoma juu kwa damu ya kidole lazima irudiwe kwa damu ya mshipa kabla mtu hajaamua chochote. Akachukua ya mshipa. Ilisoma 4.6.

Sasa 4.6 sio 11 lakini sio sifuri pia na daktari hakuichukulia poa. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wa 2021 linasema ukifika 5 chanzo kitafutwe na kiondolewe, na linasema pia hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa watoto Marekani wanatumia 3.5 kama mstari wa kuanza kufuatilia. Mwanangu tulimpima siku ileile, ya mshipa moja kwa moja, ikatoka 2.8. Nilishukuru Mungu ila usiku sikulala, kwasababu ile 2.8 sikuona kitu kingine cha kulaumu zaidi ya nguo zangu.

Na uchovu je? Hapa ndio nataka mnisikilize hasa nyie wanawake. Daktari aliongeza kipimo cha feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, ikatoka 9, akiba imeisha. Mimi hedhi yangu ni nzito miaka yote sikuwahi kuiona kama ugonjwa. Kile kipimo cha nyumbani hakikua na feritini kabisa, kilinipa orodha ndefu nzuri ya madini na kile nilichokua nakikosa hakikuwemo. Tena upungufu wa chuma unaufanya utumbo unyonye risasi zaidi, kwahiyo hivi vitu viwili vilikua vinashikana mkono. Shaba iliyosoma juu alinieleza ni vidonge vya uzazi wa mpango ninavyotumia, vyenye homoni ya estrojeni vinapandisha shaba kwenye damu, na fomu ya kwenye boxi haikuniuliza kama natumia. Seleniamu ni mimi mwenyewe, kidonge kimoja kilikua na maikrogramu 200 na multivitamini nyingine ina 55, wakati mtu mzima anahitaji kama 55 kwa siku nzima na chakula kikiwemo! Na seleniamu ikizidi dalili zake ni kucha kukatika na nywele kutoka. Sisemi ndio ilikua sababu, chuma kikiisha nywele zinatoka pia, lakini vyote viwili nilivitupa wiki ileile.

Magnesiamu daktari aliipita haraka, alisema nyingi iko ndani ya mifupa na seli kwahiyo namba moja ya damu isinitishe, na ile ya kadi inategemea pia damu yako ni nzito kiasi gani, mtu mwenye upungufu wa damu tone lake linasambaa tofauti kwenye karatasi.

Niliyobadilisha: waya wa kulehemu usio na risasi (unataka joto zaidi na mwanzoni kazi ilinisumbua kung'aa), hakuna kula wala kunywa mezani, meza nafuta na kitambaa kibichi sifagii, nguo za kazi zinabaki kazini na zinafuliwa peke yake, mikono na uso naosha kabla sijamgusa mtoto, na nameza chuma kwa maelekezo ya daktari.

Mwezi jana nikachukua boxi la pili kwa makusudi, nilitaka kujua kama kipimo ni kibovu au mkono wangu ndio ulikua mbovu. Nilisubiri siku ambayo sijaenda kazini, nikasugua vidole na kucha kwa sabuni na brashi, nikasuuza sana, nikakausha na kitambaa safi, sikugusa kitu, tone la kwanza nikafuta. Ikasoma 3.1. Wiki hiyohiyo ya mshipa ikasoma 2.9. Kwahiyo kipimo kinasoma vizuri! Nusu ya risasi ya kwenye damu inatoka kwa takriban mwezi mmoja ukiacha kuiongeza, ila iliyojificha kwenye mifupa inakaa miaka mingi na inarudi kidogokidogo, ndio maana baada ya miezi sita haijaisha. Mwanangu sasa 1.9.

Nyota nawapa tatu kati ya tano. Bila hiyo 11 ya uongo nisingeenda hospitali na mpaka leo mtoto angekua analalia nguo zangu. Nyota mbili nimezitoa kwa ile dawa ya kusafisha na kwa fomu. Niliwaandikia baada ya majibu ya kwanza, nikawaomba waweke maswali mawili tu, unafanya kazi gani na unatumia dawa gani, na waandike kwa herufi kubwa kwamba spiriti haitoshi kwa mtu anaeshika risasi, betri, rangi za zamani au vyuma. Walinijibu vizuri wakashukuru. Boxi la pili lilikuja na fomu ileile na maelekezo yaleyale, nimewaandikia tena jana.