TAHADHARI: Muuza seva za mtumba Ngamiani anafuta logi (kumbukumbu za hitilafu) kwanza, ndipo anakuuzia

Wadau wa Tanga, na ninyi wa Muheza na Pangani mnaokuja mjini kununua vifaa: hasira ninayo na aibu ninayo, lakini kunyamaza ni kumwachia yule bwana nafasi ya kumpiga mwingine. Seva ya kituo chetu (kompyuta kubwa inayohudumia kompyuta nyingine), Dell PowerEdge R720 tuliyoinunua kwake kwa michango, ni mbovu. Muuzaji alijua ni mbovu, na ushahidi umo ndani ya mashine yenyewe.

Siku ya makabidhiano mashine ilikutwa imeshawashwa, iko mezani, feni zinavuma, kile kioo kidogo cha mbele kinawaka bluu. Kwenye R720 bluu maana yake mambo shwari. Kukiwa na hitilafu kioo hugeuka rangi ya machungwa na kuandika kodi, yaani namba ya aina ya hitilafu. Muuzaji akafungua Windows, akaonyesha GB 128 za memori, prosesa (ubongo wa mashine) mbili za Xeon E5, taa za diski zote kijani. Akaombwa aizime na kuiwasha upya. Hakuizima. Aliriseti kutoka ndani ya Windows, umeme haukukatika hata kidogo. Nembo ya Dell ikaja, maandishi yakapita, Windows ikarudi bila kusimama popote. Kisha akafungua mfuniko mwenyewe, akaacha ramu, vile vipande vya memori, zihesabiwe: 16 za GB 8, nane upande wa A na nane upande wa B, zimejaza soketi nyeupe kwanza kisha nyeusi, kama Dell wanavyoelekeza. Akavuta hata kile kibati cha mbele chenye namba ya huduma ili ipigwe picha.

Sasa mtu anayekufungulia mfuniko na kukuambia shika, angalia, uliza, utaachaje kumwamini? Duka lake liko pale pale miaka yote, si mtu wa kuuza na kuhama. Aina za ramu anazitaja kichwani. Dhamana ya miezi 3 aliiandika na kuigonga muhuri. Mafundi waliokuwepo si watoto, wanazijua seva. Aliyeandaa ule mtego aliuandaa kwa ajili ya watu wanaojua, na ndiyo maana inauma.

Ilipochomekwa kituoni na kuwashwa baridi, yaani baada ya umeme kukatika kabisa, kwa mara ya kwanza, kioo kikageuka machungwa: MEM0701, DIMM_B2, yaani soketi ya ramu namba 2 upande wa B. Kodi hiyo inasema makosa ya memori yanayosahihishika yamezidi kiwango. Memori ya ECC husahihisha kosa la biti moja (chembe ndogo kabisa ya data) kimyakimya na kulihesabu. Hesabu ikizidi ndipo inalalamika. Mzigo ulipoongezeka ikaja MEM0001, makosa ya biti nyingi kwa wakati mmoja. Hayo ECC huyatambua lakini haiwezi kuyasahihisha, kwa hiyo mashine inajizima na kuwaka yenyewe katikati ya kazi.

Ubovu wa ramu peke yake usingetuumiza kichwa, ramu ya GB 8 inapatikana. Kwa hiyo ramu ya B2 ikahamishiwa A2, ya A2 ikaletwa B2. Kanuni ni hii: kodi ikiifuata ramu, ramu ndiyo mbovu, kodi ikibaki kwenye soketi, ramu haina kosa. Kodi ilibaki B2. Soketi zote za B zinasimamiwa na prosesa ya pili, basi prosesa zikabadilishana nafasi. Ikabaki B2 tena. Hapo linabaki jambo moja, bodi mama yenyewe, na prosesa ya pili ilipoinuliwa, taa ya simu ikipigwa kwa pembeni, pini moja kwenye soketi ilikuwa imelala na ya jirani imesogea.

Muuzaji alipopigiwa simu alisema imeharibikia njiani kwenye bajaji. Huo ni uongo, na ninaweza kuuthibitisha. Prosesa ya R720 imebanwa kwa vishikio viwili vya chuma juu ya soketi. Pini za chini yake hazipindi kwa makorongo ya barabara. Hupinda pale mtu anapoishusha prosesa kwa pupa au kwa mshazari. Halafu kuna logi. Logi ya matukio ya mfumo, ile ya SEL, mstari wake wa kwanza unasema logi imefutwa, na tarehe yake ni asubuhi ile ile ya makabidhiano. Ukifuta SEL, kioo kinarudi bluu mpaka kosa lijitokeze tena. Ndiyo bluu iliyotutuliza! Ila kuna logi ya pili, ya Lifecycle, ambayo haifutiki kwa kufuta SEL. Humo MEM0701 ya DIMM_B2 imejirudia tena na tena, tarehe za nyuma kabisa, mashine ikiwa dukani kwake. Na kwenye bayosi, mipangilio ya msingi ya mashine, alikuwa amezima ule mpangilio unaoifanya mashine isimame na kungoja ubonyeze kitufe cha F1 au F2 inapoona hitilafu. Mtu hazimi mpangilio huo kwa bahati mbaya.

Huyu asisamehewe. Kurudisha hela peke yake hakutoshi, maana atamgeuzia mwingine mashine ile ile. Afikishwe polisi, apelekwe Tume ya Ushindani, na TRA wamuulize kwa nini alitoa karatasi ya mkono badala ya risiti ya EFD. Anayemhurumia kwa sababu ni jirani au wanaswali pamoja, awahurumie na vijana waliopoteza kazi walizokuwa wakiandika kila mashine ilipojizima. Mimi sina nafasi ya sulhu naye mpaka bodi ile ivunjwe mbele za watu.

Dalili sasa, kwa haraka. Ukikuta seva imeshawashwa, chomoa nyaya zote mbili za umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha umalize umeme uliobaki, ngoja, kisha chomeka. iDRAC, kile kifaa cha usimamizi ndani ya seva, inataka dakika moja au mbili kabla ya kuwasha. Muuzaji akikataa hilo, ondoka. Ingia F2, rudisha ule mpangilio wa kusimama penye hitilafu, anza upya. Ingia F10, soma logi ya Lifecycle. R720 ilitoka mwaka 2012, kwa hiyo logi tupu kabisa kwenye mashine ya umri huo ni mtu ameisafisha. Kwenye Linux, amri ya ipmitool sel list inakuonyesha mstari wa kufutwa. Namba ya huduma kwenye kibati na iliyo kwenye bayosi zisipolingana, bodi imebadilishwa. Paua saplai (vifaa vya kuingizia umeme) mbili ziwe za wati sawa. Kodi BAT0002 ni betri ndogo ya bodi tu, CR2032, hiyo isikutishe.

Wa HP ProLiant za zamani: kodi 201 ni memori, 1720 ni diski inayokaribia kufa, 162 na 163 zikija pamoja mara nyingi ni betri ya saa. Logi ya IML, ile ya hitilafu ya HP, ikifutwa nayo huandika kwamba imefutwa. Seva ya Supermicro ikilia mara 5 fupi na moja ndefu, haioni memori kabisa. Diski, soma saa ilizofanya kazi kwa programu ya smartctl. Mwaka mmoja ni saa 8,760, hesabu mwenyewe. Na kwa hewa yetu ya chumvi tazama miguu ya ramu na kadi: ukijani au unga mweupe, usinunue.

Mwenye mashine kutoka kwake, usifute chochote na usisasishe chochote. Ingia F10, hamisha logi ya Lifecycle kwenye flashi, piga picha kioo cha mbele na kibati cha namba, tunza karatasi aliyokuandikia, kisha niandikie hapa chini. Tukienda polisi na logi za mashine nyingi zenye kosa lile lile la kufutwa asubuhi ya mauzo, hadithi ya bajaji haitamsaidia.