Duka la mabango Kondele: kazi safi, lakini soma bango lako kabla ulipe

Sitataja jina la duka, ni mojawapo ya yale ya kuchapisha pale Kondele, ukishuka stejini unapanda ngazi za chuma, mlangoni kumejaa sampuli za kadi za harusi na mabango ya matanga. Naandika hii rivyu nikiwa nimeenda huko mara tatu kwa bango moja, so mjue najua nachosema.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia, nafundisha Fomu 4, na ile mada ya idadi ya watu kila mwaka inanitesa. Wanafunzi wanakariri uwiano wa utegemezi kama sala: chukua watoto wa chini ya miaka 15, ongeza wazee wa 65 kwenda juu, gawanya kwa wale wa 15 hadi 64, zidisha kwa 100. Wanaandika vizuri kabisa, halafu ukiwauliza hiyo namba inamaanisha nini kwa mtu wa Nyalenda wanaangalia dirisha. Nikasema hapana, mwaka huu nataka bango kubwa la ukutani, nguzo tatu tu za Kenya: sensa ya 1979 zaidi ya 100, sensa ya 2009 karibu 87, sensa ya 2019 karibu 75. Waone ikishuka na macho yao.

Dizaina ni kijana mmoja mpole sana, ana mkono mzuri, hilo sitamnyima. Rangi alichagua yeye, herufi zinasomeka mpaka deski ya nyuma, na bei ilikuwa 1,600 kwa mita mbili kwa moja ambayo kwa hapa Kisumu si mbaya. Siku ya kuchukua tuktuk ilikuwa inanisubiri chini, nikakunja bango nikalipa nikaenda. Hilo ni kosa langu.

Kesho yake nimelitundika darasani, sijamaliza hata kugeuka, mvulana mmoja wa nyuma akainua mkono. "Madam, hapo juu wameandika asilimia 75 ya Wakenya ni wategemezi. Na 1979 ni zaidi ya 100. Kwani watu walikuwa wengi kuliko watu?"

Darasa lilivunjika mbavu. Na mimi pia nilicheka, ningefanyaje, kichwa cha bango kijana alijitungia mwenyewe bila kuniuliza! Mimi nilikuwa nimempa namba, yeye akaongeza asilimia na maneno yake juu.

Jioni nikarudi dukani nikiwa nimekasirika kiasi. Kijana akaniambia, "Lakini mwalimu, si 75 ni 75?" Hapo ndio nikajua tatizo si lake peke yake, hata gazetini hii kitu inachanganywa. Nikamwambia hesabu hivi: kwa kila watu 100 walio kwenye umri wa kufanya kazi, kuna wengine 75 pembeni, watoto na wazee. Jumla ni watu wangapi? 175. Sasa 75 katika 175 ni ngapi? Akachukua simu akapiga, ikatoka 42 na kitu. Akaipiga tena. "Kumbe." Ndio, kumbe! Kwa hivyo hata ile ya 1979 ikipita 100 haina maajabu, ni kwamba waliokuwa wanabebwa walikuwa wengi kuliko wabebaji.

Mwenye duka, mama mmoja hivi wa makamo, alikuwa anasikiliza huku anakata karatasi. Akauliza swali la maana kuliko mimi nilivyotarajia, ati kama imeshuka basi watu wameanza kupata kazi siku hizi? Nikamwambia hapana mama, hiyo namba haijui kama una kazi ama huna. Kijana wa miaka 22 anayekaa tu base akingoja simu amehesabiwa kama mbebaji. Mama yangu mzazi ana 71 na kila asubuhi yuko soko la Kibuye na omena zake, amehesabiwa kama mzigo, na ile 2,000 ya Inua Jamii, pesa ya serikali kwa wazee, ikiingia inaishia kwa daftari za wajukuu. Namba inaangalia mwaka wa kuzaliwa, basi.

Kilichoishusha ni kuzaa kupungua. Mwishoni mwa miaka ya 70 mama wa Kenya alikuwa anazaa kwa wastani watoto 8. Kufika 1998 ni 4.7, na utafiti wa 2022 ukapata 3.4. Kwetu tulizaliwa 9, mimi niko na 3, dada yangu 2 na amesema amefunga duka. Lakini watu wanadhani ukipunguza kuzaa leo uwiano unashuka kesho, sivyo, wale waliokwisha zaliwa lazima wakue kwanza. Mtoto wa 1985 alivuka kwenda upande wa wabebaji mwaka 2000, miaka 15 nzima. Halafu katikati hapo tukakwama, 2003 kuzaa kulikuwa 4.9, juu kidogo ya 1998, ndio maana ile nguzo ya 2009 bado ni ndefu vile. Na usisahau huku kwetu Nyanza ukimwi ulichukua watu wa umri wa kazi kabisa, tunawajua wakina dani, yaani bibi zetu, waliobaki na wajukuu sita kwa nyumba moja. Nguzo ya nchi nzima haiwezi kukuonyesha hiyo.

Sasa turudi kwa duka. Walirekebisha kichwa, na walinilipisha 400 ya karatasi tu, kazi bure. Wengine mtasema hawakufaa kulipisha kitu, mimi naona tuligawana makosa maana hata mimi sikusoma.

Pale pale nikaagiza la pili, na hili ndilo linanifanya niwape nyota. Nilitaka Kenya na Japani zisimame pamoja. Ukichukua namba kavu Japani ni karibu 70, sisi 75, mtu atasema hawa ni mapacha. Nikamwambia kijana kila nguzo aikate rangi mbili, watoto chungwa, wazee bluu. Katika zile 75 zetu, kama 68 ni watoto na 7 ndio wazee. Za Japani, kama 20 ni watoto na karibu 50 ni wazee! Alipomaliza kupaka akarudisha kiti nyuma akaangalia kompyuta bila kusema kitu, akaita na wenzake wakuje waone. Safari hii hakuongeza neno lake hata moja, na nakala ya kwanza alinitumia WhatsApp usiku huo huo.

Nikawaambia pia Japani nao walishuka, mwanzoni mwa miaka ya 90 walifika kama 43, chini sana, ndio ikaanza kupanda tena maana wale wafanyakazi wote walizeeka na watoto hawakuwa wanakuja. Mmoja akauliza Dubai je, ndugu yake yuko huko. Imarati iko chini ya 30, nikamwambia ni kwa sababu ya watu kama ndugu yako, anaenda akiwa mtu mzima, watoto amewaacha Siaya, na akizeeka hatazeekea huko. "So sisi ndio tunalea, wao wanapata namba nzuri," akasema. Hiyo nimeiandika kwa notisi zangu za darasa.

Nyota nawapa tatu na nusu. Mabaya: ngazi ni hatari kama umebeba kitu, foleni ya Jumamosi asubuhi ni ya watu wa matanga na kwa haki wanatangulia, na stima ikipotea hakuna jenereta. Ukienda beba flashi yako, na maneno andika yote mwenyewe mpaka kichwa.

La Japani liko tayari Ijumaa. Nimeacha nusu ya pesa, nusu nyingine natoa nikishalikunjua pale kaunta nikasoma mstari kwa mstari, tuktuk itangoja.