Minazi ya mapambo Dodoma: duka kubwa au kitalu cha barabarani? Uzoefu wangu

Kwa mwenye haraka: kama uko Dodoma na unataka minazi ya mapambo ya kupanda nje, usihangaike na maduka makubwa. Nenda vitalu vya barabarani, na kabla hujauliza bei uliza mche umekulia wapi. Duka nalipatia nyota mbili kati ya tano, kitalu nyota nne. Mwenye muda aendelee kusoma, maana hela inayoweza kupotea hapa si ndogo.

Tumejenga Iyumbu. Kiwanja kiko wazi na upepo unapiga tangu Mei mpaka mvua zinapokaribia. Mimi ni mtu wa Tanga, nyumba isiyo na hata mti mmoja wa jamii ya mnazi kwangu bado haijaisha. Mnazi wenyewe wa nazi nilishauachia Pwani. Unataka joto, unyevunyevu na mvua nyingi kuliko hizi zetu za milimita 500 na ushee kwa mwaka, zinazoanza Desemba na kukata Aprili. Wapo walioupanda hapa mjini ukaishi, ila kuishi ni jambo moja na kuzaa ni jingine. Nikawa natafuta ndugu zake wa mapambo.

Wazo la duka kubwa nilipewa na binamu yangu anayeishi Leicester. Alinirushia picha ya mti umesimama bustanini kwake, theluji imetuama juu ya majani, na wenyewe uko kijani kabisa. Anasema aliununua duka kubwa, akaulipia kwenye foleni moja na makopo ya rangi ya ukuta. Mti huo ni wa jamii ya mnazi, Trachycarpus fortunei. Asili yake China, shina limefunikwa nyuzi za kahawia, majani ni ya feni, na unahimili baridi ya hadi nyuzi 15 chini ya sifuri. Hilo jina la pili ni la Robert Fortune, Mskoti aliyepeleka miche yake Uingereza karne ya 19. Huko sasa ni mti wa kawaida madukani. Marekani nako maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi huuweka nje karibu na mifuko ya mbolea, na wapenzi wa miti hii hutafuta pia ule mfupi wa miiba, Rhapidophyllum hystrix, wa majimbo ya kusini mashariki, unaosifika kuvumilia baridi kuliko jamaa zake wote.

"Sasa wenzenu wanaotesha kwenye barafu, nyie Dodoma mnashindwa nini?" binamu akaniuliza.

Tunashindwa kwa sababu baridi haijawahi kuwa tatizo letu. Najua watu wa Dodoma tunalalamika sana Juni na Julai, makoti yanatoka, chai inanyweka mara mbili. Lakini usiku wa Julai hapa unashuka mpaka nyuzi 13 hivi, mchana unarudi 26. Sakitu hatuijui. Kuipata itabidi uende Makete, juu Kitulo, ambako asubuhi za katikati ya mwaka nyasi huamka nyeupe. Mtu wa kule akitafuta mnazi unaostahimili baridi ana haki. Kwetu mti wa bustani unauawa na ukavu wa miezi saba, upepo unaokausha ncha za majani, maji ya visima yenye chumvi na mchwa. Hayo manne ndiyo ya kuulizia dukani.

Nikaenda dukani. Silitaji jina. Ni duka kubwa la vifaa vya nyumbani hapa mjini, lina maegesho, kiyoyozi, na mlinzi anayekagua risiti ukitoka. Sehemu ya mimea ipo nyuma, baada ya mapazia. Kwanza nusu ya minazi iliyokuwepo ilikuwa ya plastiki. Hiyo kweli inastahimili baridi, na ukame pia. Ya kweli ilikuwa michache, imewekwa kwenye vyungu vya kauri vinavyong'aa, na mmoja ulikuwa na kibandiko chenye picha ya chembe ya theluji na kipimajoto. Majani ya feni, urefu wa kunifika kiunoni. Bei Sh 180,000 na chungu chake.

Nikamuuliza kijana wa pale, "Samahani mdogo wangu, huu umetoka wapi?"

"Umetoka nje, dada."

"Nje ya nchi au nje ya duka?"

Akacheka, akaenda kumwita msimamizi. Msimamizi naye akaniambia ni mzuri sana, unapendwa na wateja, na kwa baridi hii ya Dodoma ndio wenyewe. Kuhusu jua na maji hakuna aliyekuwa na jibu. Niwatendee haki: walikuwa wastaarabu, hakuna aliyenisukuma ninunue, na waliniruhusu kuukagua nitakavyo.

Ukaguzi wenyewe ni huu, na popote utakaponunua nakushauri uufanye. Kila shina la mti wa jamii hii lina kilele kimoja tu cha kukulia, kile kichipukizi cha katikati, ndio moyo wake, kilichosimama kama mkuki. Halichipui tena pembeni kama mwembe uliokatwa tawi. Kilele kikifa shina hilo limekwisha, hata kama majani ya chini bado ni kijani na yataendelea kukudanganya kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo shika hicho kichipukizi, kivute taratibu juu. Kikigoma, salama. Huu wa dukani ulipovutwa ulitoka wote mkononi mwangu, chini umelainika, rangi ya uji wa ulezi, na harufu ya kuoza. Walikuwa wanaumwagilia kila siku juu ya moyo, kwenye chungu kisicho na tundu. Msimamizi aliona mwenyewe, akauondoa, jambo ambalo nimelihesabia nyota moja kati ya zile mbili.

Wa pili pale dukani, uliokuwa na kibao cha "mnazi mdogo", haukuwa wa jamii hii hata kidogo. Ni Cycas revoluta, mmea wa Japani, mzuri wa kutazama na mgumu kweli kwa ukame, lakini una sumu, hasa mbegu zake. Mbwa akitafuna unaweza kumpoteza. Mwenye watoto wanaotambaa au mbuzi wanaopita uani aufikirie mara mbili. Kibao hakikusema neno.

Kama unachotaka ni chungu cha sebuleni, neti ya kivuli, au mpira wa kumwagilia, duka hilo ni zuri na bei za neti zilikuwa nafuu kuliko nilivyotegemea. Mche wa kupanda nje, hapana.

Vitalu nilivipata barabara ya Morogoro, upande wa Nzuguni, na wakati wa Nane Nane wauzaji huongezeka mpaka unachoka kuchagua. Tangu Serikali ihamie huku na ile kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani ianze 2017, biashara ya miche imekuwa kweli. Kitalu nilichoishia ni cha mama mmoja wa Kigogo. Nilimsalimia kwa "mbukwa" yangu ya kuungaunga, akacheka, na bei ikaanzia chini kidogo. Kivuli cha matete, viriba vyeusi vimepangwa mistari, pipa la maji, mbwa amelala kwenye samadi.

Nilipomwambia, kwa kumpima, kwamba nataka usioogopa baridi alinitazama. "Baridi ipi, mwanangu? Hapa sema upepo."

Halafu akanigawia miche yake mafungu mawili, na hili ndilo lililonifanya nimwamini. Fungu moja ni miche iliyoshuka kwenye lori kutoka Dar na Morogoro mwezi huohuo. Majani yamenawiri, marefu, laini. Fungu la pili ni ileile, ila imekaa kwake msimu mzima wa kiangazi, nje, bila kivuli cha mchana. Hii ni mifupi, ncha zimeungua kidogo, na haina mvuto wowote. Bei ya fungu la pili iko juu. Mteja mgeni anachukua ya kwanza kwa kuwa inapendeza, anaipanda Agosti, upepo wa kiangazi unaikaanga. Mche uliokulia kwenye unyevunyevu wa Pwani haujajifunza kubana maji. Mama alisema hivyo kwa maneno yake, na akaongeza kwamba asiponiambia nitarudi kugombana naye.

Kwa aina, haya ndiyo niliyoyakuta na ninavyoyaona mpaka sasa. Wa kifalme, ambao kila muuzaji anauita "royal", ndio unaouzwa kuliko yote, kwa sababu umepangwa mbele ya maofisi na mahoteli. Asili yake ni Cuba na jirani zake, unapaa hata mita 20, na unakunywa. Kama nyumbani maji ni ya mgao na simtanki ni moja, uache kwa wenye mahoteli. Ule wa vishina vingi vya manjano wa Madagaska, Dypsis lutescens, ni wa barazani penye kivuli. Ukiuweka kwenye upepo wa Iyumbu utageuka ufagio. Ule wenye shina lililotuna chini unatoka Mauritius, unakwenda polepole mno, lakini ukishashika hausumbui.

Nilichonunua ni Washingtonia, wenye majani ya feni na vijiti vyenye meno. Jina ni la George Washington, ila makazi yake ni majangwa ya Mexico na kusini mwa California, na hapo ndipo Dodoma inapofanana na kitu. Ukishatia mizizi ukame hauutishi, jua kali linaufurahisha, na hata hiyo baridi ya kibandiko unaiwezea kwa kiasi. Sh 15,000 mche wa kunifika gotini, fungu la pili. Nikachukua na mikindu. Huu ni wetu kabisa, Phoenix reclinata, ule unaotoa ukindu wa mikeka. Porini hukaa kandokando ya mito, kwa hiyo nimeuweka karibu na maji ya bafuni yanapotokea. Mtende nao mama alikuwa nao, wa kuotesha kwa kokwa. Mti wa tende una dume na jike, na wa kokwa huwezi kujua utapata yupi mpaka utoe maua miaka kadhaa baadaye. Kwa urembo haina shida. Anayetaka tende atafute chipukizi la kando la mti jike unaozaa. Tabora mitende imesimama tangu enzi za misafara ya Waarabu, kwa hiyo ukame wa nyanda za kati haujaishinda.

Usafiri wa kirikuu mpaka Iyumbu ulikuwa Sh 20,000, na hapa ndipo nyota ya tano ya kitalu ilipopotelea. Mama aliahidi kijana wa kupanda. Kijana alifika jioni, ameshika sururu tu, akataka hela ya ziada kwa kila shimo. Udongo wetu mwekundu kiangazi ni saruji, namwelewa, lakini tungeambiana mapema. Halafu alitaka kufukia miche mpaka juu ya shingo "isiangushwe na upepo". Nilikataa. Ukifukia moyo unaoza, ni kaburi lilelile la mche wa dukani. Udongo uishie pale ulipoishia kwenye kiriba. Tulichimba shimo la nusu mita na zaidi, samadi iliyooza vizuri, na pembeni kisahani cha udongo cha kushika maji. Nyasi kavu za kufunikia sikuweka, mchwa wa huku wangefanya sherehe, nimezungushia kokoto. Wakati wa kiangazi kila mche unapata dumu moja la lita 20 mara mbili kwa wiki, shinani, kamwe si juu ya moyo, na mvua zikianza naacha.

Washingtonia yote imeshatoa majani mapya. Mkindu mmoja unasuasua, majani yake ya zamani yana madoa ya njano, nafikiri ni chumvi ya kisima, na nimeanza kuupa maji ya mvua niliyokinga.

Niliuliza pia mvumo, ndugu mwingine wa mnazi, kwa kuwa ndio ninaoutamani kuliko yote. Mama hana, na akaniambia hakuna kitalu kitakachokuwa nao wa maana: kokwa la mvumo likiota hushusha kwanza mkia mrefu ardhini kabla jani halijaonekana, na ndani ya kiriba linafika chini na kujikunja. Unapandwa palepale utakapokaa maisha yake yote. Mwenzangu wa ofisini kwao ni Utete, kule Rufiji, ameahidi kuniletea makokwa akienda likizo. Mwenye uzoefu wa kuyaotesha kwenye udongo wa Dodoma aniambie anayafukia kina gani.