Mita ya umeme kwa gari la kujijengea: kagua nyaya zake kabla ya kioo chake

Wasomaji wanaojijengea magari nyumbani kwa fedha kidogo wamekuwa wakiniletea malalamiko yanayofanana mno: mfumo wa umeme umepitishwa upya, injini inawaka leo na kesho inakataa, na mita waliyoinunua, yaani multimita ya mkononi ya kupimia volti, ukinzani na mkondo, inatoa majibu tofauti hata inapogusishwa mahali pale pale. Mmoja wao alinunua koili mpya ya kuwashia injini kwa sababu ile ya zamani ilisomeka kuwa na ukinzani karibu mara mbili ya kiwango chake. Koili mpya nayo ikasomeka vivyo hivyo. Nilipomwomba agusanishe ncha mbili za mita yake bila kupima kitu chochote, kioo kilionyesha 0.8 omu, kisha kikapanda na kushuka kila alipoukunja waya. Koili ya zamani ilikuwa nzima, na hitilafu ilikuwa mkononi mwake.

Kwa sababu hiyo sitazungumzia hapa idadi ya tarakimu kwenye kioo, mwanga wa nyuma, wala asilimia za usahihi zinazochapishwa kwenye maboksi. Karibu kila mita inayouzwa leo inaweza kukuambia kwamba betri iliyotulia ina volti 12.6 na hivyo imejaa, au kwamba alteneta inachaji kati ya volti 13.8 na 14.5. Kinachoitenga mita ya kufaa na mita ya kukupotezea fedha za vipuri ni zile nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, ambazo wanunuzi wengi huzitoa kwenye mfuko bila hata kuzitazama.

Tatizo hili hujificha vizuri. Unapopima volteji, ukinzani wa nyaya hauleti tofauti yoyote ya kuonekana, kwa kuwa mita nyingi za kidijitali zina ukinzani wa ndani wa megaomu 10, na sehemu ya omu moja ikiongezwa hapo haina uzito. Waya mbovu utasoma betri sawasawa na waya bora. Ukianza kupima ukinzani mdogo, hali hubadilika kabisa. Upande wa msingi wa koili nyingi za kuwashia una ukinzani wa kati ya nusu omu na omu moja na nusu, na injekta (vipulizio vya mafuta) za ukinzani mdogo huwa na omu mbili au tatu tu. Nyaya nzuri huongeza omu 0.1 au 0.2, kiasi unachoweza kukitoa kichwani au kwa kitufe cha kusawazisha ikiwa mita yako inacho. Nyaya mbaya huongeza nusu omu na zaidi, tena kiasi hicho hubadilika kila unapoushika waya, na kosa linalobadilika haliwezi kutolewa kwa hesabu yoyote.

Baya zaidi ni waya uliokatika kwa ndani. Nyuzi za shaba hukatika mara nyingi pale waya unapoingia kwenye mshikio au kwenye plagi, huku ganda la nje likibaki zima. Gari la kujijengea, lenye viunganishi vilivyotoka kwenye magari mengine na eithi (nyaya zinazorudisha mkondo kwenye bodi) zilizofungwa juu ya rangi, limejaa hitilafu za kuja na kuondoka, na njia ya kuzitafuta ni kutikisa nyaya za gari huku ukisikiliza mlio wa mita, unaolia pale njia ya umeme ikiwa haijakatika. Ikiwa waya wa mita wenyewe unakatika na kuungana, utatikisa gari zima usiku kucha na kila kiunganishi kitaonekana kuwa na hatia.

Kuna pia suala la ganda. Nyaya nyingi zinazokuja na mita hufunikwa kwa plastiki ya PVC, ambayo hukakamaa kwenye baridi, hukumbuka mikunjo ya boksi, huvuta mita kutoka juu ya injini, na huyeyuka ikigusa bomba la moshi au ncha ya chuma cha kulehemu. Silikoni hulala inapowekwa, na aina nyingi hustahimili joto la karibu nyuzi 180 za Selsiasi. Kwa mtu anayefanya kazi ameinama juu ya injini iliyotoka kuzimwa, sioni kwamba hilo ni anasa.

Chaguo langu la kwanza ni Fluke 17B+, na sifichi kwamba ninaipendelea kampuni hii kuliko nyingine zote. Fluke ilianzishwa mwaka 1948, na mita zake za familia ya 70, zilizotoka mwaka 1983, bado zinafanya kazi mikononi mwa mafundi wengi. Mita ya 17B+ inapima joto, jambo linalokusaidia kuthibitisha kihisi cha joto la maji, na matundu yake yote mawili ya mkondo yamelindwa kwa fyuzi. Sababu yangu kubwa, hata hivyo, ni kwamba kampuni inaziuza nyaya kama bidhaa kamili yenye jina na maelezo yake, si kama nyongeza ya kujazia boksi. Seti ya TL71 ina ganda la silikoni. Seti ya TL175 ina ncha ambazo urefu wake ulio wazi unaweza kuzungushwa kutoka milimita 19 hadi 4, ili usisababishe shoti unapopima ndani ya sanduku la fyuzi, na chini ya ganda lake la nje kuna tabaka la rangi nyingine linalojitokeza waya unapochakaa. Mtengenezaji anayefikiria jinsi waya utakavyokuambia kwamba umechakaa amewahi kuisikiliza karakana. Ninakushauri ununue 17B+ pamoja na mojawapo ya seti hizo, hata kama itakubidi usubiri kabla ya kuagiza magurudumu mapya.

Fluke 88V, iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya magari, inapima pia mizunguko ya injini na upana wa mapigo ya injekta. Ni chombo kizuri sana, lakini kwa gari la bajeti ndogo bei yake inakaribia kushindana na gari lenyewe, kwa hiyo siiweki kwenye orodha.

Nafasi ya pili ninaipa UNI-T UT210E, ambayo ni mita ya kubana: taya zake huuzunguka waya na kupima mkondo bila kukata kitu. Inapima mkondo wa moja kwa moja hadi ampia 100, na katika kipimo chake kidogo inaonyesha tofauti ndogo kama ya miliampia moja. Hilo linaihusu hoja yangu moja kwa moja. Anayetafuta kinachomaliza betri usiku kwa mita ya kawaida hulazimika kupitisha mkondo wa gari ndani ya nyaya zake za kupimia, na mtu akifungua mlango au kuwasha swichi katikati ya zoezi, fyuzi huungua au waya mwembamba hupata moto. Taya huondoa hatari hiyo yote. Gari likiwa limefungwa na kuachwa mpaka vidhibiti vyake vyote vilale, kiasi kinachozidi miliampia 50 kinastahili kutafutwa. Kumbuka tu kuisawazisha mita iwe sifuri karibu na waya kabla ya kubana, na nyaya zake za kawaida uzibadilishe kwa za silikoni.

Brymen ya Taiwan, hasa BM235, inashika nafasi ya tatu, na ningeelewa kabisa mtu anayeiweka ya kwanza, kwa kuwa ni mita imara kwa bei ya haki. Upungufu wake kwangu ni kwamba ni vigumu kuipata katika nchi nyingi, na mnunuzi asiyeipata karibu hana pa kurudi anapohitaji fyuzi au nyaya mbadala.

Mita za manjano za mtindo wa DT-830, zinazotengenezwa na viwanda vingi visivyojulikana, zinatosha kusoma betri. Tundu lao la ampia 10 kwa kawaida halina fyuzi na limeandikwa hivyo waziwazi, kwa hiyo usilitumie kwenye gari.

Linalonikera ni mwenendo wa wauzaji. Wengine huzitoa nyaya za awali kwenye boksi la mita nzuri na kuweka za bei ya chini, kisha za awali huuzwa kando. Wengine huuza nyaya zilizochapishwa maandishi ya volti 1000 na ampia 20, na ukizikata unakuta nyuzi chache za shaba zilizozungukwa na plastiki nene. Waya wa kupimia wa kuaminika kwa ampia 10 kwa kawaida una shaba ya milimita mraba 0.75 hadi 1, na takwimu hiyo ndiyo ambayo matangazo mengi hayaitaji. Picha za bidhaa huonyesha kioo kwa ukaribu, na nyaya hubaki kivuli pembeni. Na unapolalamika, muuzaji huchukua betri, anaipima mbele yako, anakuonyesha volti sahihi na kukuambia kwamba mita haina kasoro, ilhali jaribio hilo haliwezi kuifichua kasoro unayoilalamikia.

Kwa hiyo jaribio lifanye wewe, kabla ya kulipa. Weka mita kwenye ukinzani, bana ncha mbili pamoja kwa nguvu na usubiri namba itulie. Ikizidi omu 0.3, omba nyaya nyingine. Kisha ukunje kila waya karibu na mshikio na karibu na plagi, na uizungushe plagi ndani ya tundu, ukitazama kama namba inaruka. Hakikisha pia kwamba plagi ni ya milimita 4 na inazama hadi mwisho, maana baadhi ya mita zina matundu mafupi yasiyopokea nyaya za kampuni nyingine, na mita ya namna hiyo itakufunga kwa nyaya zake mbaya maisha yake yote. Muuzaji akikukatalia kufungua mfuko wa nyaya, mrudishie mita yake.