Kamera ya kuzunguka ipi ununue kama unataka ikupimie

Dukani utasifiwa megapikseli na jinsi kamera inavyozunguka karibu duara zima. Kama unataka kuangalia nani yuko getini, nunua yoyote kati ya hizo. Lakini kama kompyuta itapima kwa kutumia picha zake, uliza mawili tu: lenzi inatulia? Na inapogeuka, inageukia palepale?

Mwaka 1994 Richard Hartley alionyesha kwamba kamera inayogeuka bila kuhama inaweza kufanyiwa kalibresheni, yaani kujua lenzi yake inavyogeuza pembe kuwa pikseli, bila ubao wowote wa miraba wa kupimia. Unapiga picha tatu au zaidi, ukiigeuza kulia na kushoto, kisha juu na chini, halafu programu inalinganisha alama zilezile kwenye picha zote na kupata umbali wa fokasi. Katika njia hiyo ya msingi fokasi haibadiliki na kitovu cha lenzi hakihami. Kikihama, vitu vya karibu vinaharibu hesabu. Chukua picha yenye upana wa pikseli 1920 inayoona nyuzi 60. Lenzi ikiwa sentimita 3 mbele ya mhimili ambao kamera inauzunguka, ukiigeuza nyuzi 30 inahama kama sentimita moja na nusu. Kitu kilicho umbali wa mita 10 kinakosewa kwa pikseli mbili tatu. Kilicho umbali wa mita moja, zaidi ya 25.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni kamera ya mtumba ya kubadilisha lenzi, yenye lenzi isiyo na zumu, juu ya kichwa cha panorama chenye reli, yaani kishikio cha juu ya stendi kinachogeuka na kukuruhusu kuisogeza kamera mbele na nyuma. Zima fokasi ya otomatiki. Simamisha kalamu kama sentimita 30 mbele ya lenzi, ilingane na kona ya ukuta wa mbali, kisha geuza kamera. Kalamu ikiachana na kona, sogeza kamera kidogo kwenye reli na urudie, mpaka vigeuke pamoja. Hakuna kamera nyingine katika orodha hii inayokuruhusu kurekebisha jambo hilo kwa mkono wako, ndiyo maana naipa nafasi ya kwanza.

Ya pili ni kamera ya Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) aina ya HQ, ya megapikseli 12.3, ambayo fokasi ya lenzi yake inakazwa kwa skrubu. Igeuze kwa mota ya hatua yenye gia, si kwa servo (mota ndogo za kugeuza kwa pembe) zenye gia za plastiki. Gia za servo hizo zinacheza, na kwa picha ile ya juu kosa la nyuzi moja tu ni pikseli kama 29. Isimame kabisa ndipo upige.

Ya tatu ni kamera ya usalama ya nje inayogeuzwa kwa mota na yenye zumu, mradi inakubali ONVIF, lugha ya pamoja ya kamera za mtandao, ili programu iweze kuiuliza imeelekea wapi. Kwa uwanja mpana inafaa sana, kwa kuwa vitu viko mbali. Ila kila kiwango cha zumu kinataka kalibresheni yake. Kabla hujalipa, iwashwe. Ielekeze kwenye kona ya fremu ya mlango, hifadhi nafasi hiyo, ipeleke mbali kushoto kisha iite irudi; rudia kutoka kulia. Kona ikiangukia mahali tofauti, iache.

Za mwisho ni zile ndogo za ndani za WiFi. Niliwahi kutumia moja kwa wiki nzima ya vipimo. Umeme ulipokatika na kurudi ilijizungusha kutafuta sifuri yake, ikatulia pembeni ya pale ilipokuwa, na vipimo vyote nikavianza upya. Fokasi yake nayo haikuwa na pa kufungia.

Pesa ikibaki, jitengenezee pia ule ubao wa kalibresheni: kata kioo cha ukubwa wa A3. Chapisha miraba myeusi na myeupe kama ya drafti, ibandike juu yake bila mapovu, kisha pima mraba kwa rula, maana printa nyingi hupunguza ukubwa bila kukuambia. Usibandike kwenye boksi. Unyevu ukiingia linapinda.