Mafunzo ya walezi Katuba: mtoto amehudumiwa vizuri kuliko mama yake

Mafunzo ya stadi za malezi yaliyotayarishwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa familia zenye watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye usonji (autisme, hali ya ukuaji inayogusa mawasiliano na tabia ya mtoto) au ucheleweshi mwingine wa ukuaji yamepangwa katika vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Kituo kimoja cha komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, kinayatoa bila malipo, nami niliyafuata kwa ajili ya mwanangu mwenye usonji.

Sehemu ya mtoto imenitosheleza. Tulifundishwa kuigawa kazi katika hatua ndogo ndogo: katika kuvaa shati, mama anafanya zote na kumwachia mtoto ile ya mwisho tu, yaani kulivuta pindo hadi kiunoni, kisha anamrudishia hatua moja moja kadiri anavyozoea. Ziara za nyumbani zilinifaa zaidi. Mwezeshaji alikaa mkekani kimya, akatazama, halafu akaniambia: «Mama, analia kila unapozima redio bila kumtahadharisha.» Sasa ninamwonyesha kitufe kwanza, na kelele za jioni zimepungua sana. Si jambo dogo, kwa kuwa tafiti nyingi zimeonyesha kwamba msongo wa mama hutokana zaidi na tabia za mtoto za kila siku, kama kutolala, kujiuma na kukimbilia barabarani, kuliko ukali wa usonji wenyewe.

Ninapolalamika ni kuhusu mama. Kujitunza kumewekwa katika kikao cha 9, wakati wengine wameshakata tamaa na kuacha, na ushauri wenyewe, kwamba mtu atenge muda wa kupumzika, unamfaa mwenye wa kumwachia mtoto. Muuza makala (mkaa) ambaye mama mkwe wake anasema mtoto amerogwa atautoa wapi muda huo? (Lawama kama hizo kwa mama si za kwetu peke yetu: katika miaka ya 1950 na 1960 hata madaktari wa Marekani walidai kwamba usonji unaletwa na mama asiye na upendo, dai ambalo sayansi imelikataa.) Kituo hakikuweka mtu wa kuwaangalia watoto, kwa hiyo tulisikiliza kwa sikio moja, na baba hata mmoja hakuonekana. Karatasi tulizopewa zilikuwa za Kifaransa tupu.

Hata hivyo ninawashauri akina mama waende. Toleo la mtandaoni ambalo WHO ililitoa mwaka 2022 nalo ni la bure, ila mbali na gharama ya megabaiti, halikupi wenzako wa kukaa nao baada ya kikao, na maongezi yale ya mlangoni ndiyo yaliyonipunguzia mzigo kuliko zoezi lolote. Anayejiandikisha aombe ziara ya kwanza ifanyike Jumamosi mchana, baba na mama mkwe wakiwa nyumbani.